Watu wameondoka kwenye noti zetu

Aprili 5, 2025 ilikuwa siku ya mwisho kwa noti ya shilingi 500 yenye sura ya Mzee Abeid Amani Karume. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetoa miezi mitatu, kuanzia Januari 6, ili wananchi wapeleke benki noti za zamani zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na hiyo ya 500 ya toleo la 2010. Wengi tuliisoma habari hiyo kama tangazo lolote la serikali: pekua kabati, vunja kibubu, wahi foleni. Sarafu ya 500 ilikuwa imeshazoeleka mitaani tangu 2014, nayo ina sura ileile ya Mzee Karume, kwa hiyo jero iliendelea kuwa jero.

Kuna jambo jingine lililotokea siku ile ambalo sikuona likizungumzwa. Zimebaki noti nne: 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000. Kwenye noti hizo nne amebaki mtu mmoja tu mwenye uso na jina, Mwalimu Julius Nyerere, naye yuko kwenye ile ndogo kuliko zote. Elfu mbili ina simba, elfu tano ina faru, elfu kumi ina tembo. Ukizigeuza upande wa pili unakutana na Ikulu, Ngome Kongwe ya Zanzibar, mgodi wa dhahabu wa Geita na jengo la Benki Kuu yenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Katika karatasi ambazo kila mmoja wao anazishika, tunajitambulisha kwa mtu mmoja, wanyama watatu, majengo na mgodi.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Noti zetu zimepungukiwa na watu, na upungufu huo haukuanza na Mzee Karume. Ulianza taratibu, toleo baada ya toleo.

Waliokuwa na umri wa kutumwa dukani miaka ya themanini watazikumbuka. Noti ya shilingi 20 ilikuwa na kiwanda cha matairi. Ya 50 ilikuwa na watu wakifyatua matofali. Ya 100 ilikuwa na maandamano ya wahitimu, na kabla yake, ile 100 ya mwishoni mwa miaka ya sabini, ilikuwa na mwalimu na wanafunzi wake, na wakulima kando yao. Ya 200 ilikuwa na wavuvi wawili. Nyuma zaidi, noti ya shilingi 10 ya mwaka 1966, Benki Kuu ilipofungua milango yake Juni 14, ilikuwa na mkonge. Mbele alikaa Rais, kwanza Mwalimu, kisha Mzee Ali Hassan Mwinyi. Nyuma walikaa wanaomlisha.

Sisemi zilikuwa noti nzuri kuliko za leo. Uchapaji wake ulikuwa wa kawaida, na yale matofali yalifyatuliwa katika miaka ambayo sukari na sabuni zilipatikana kwa foleni. Lakini mtu aliyezichora aliamini jambo fulani kuhusu nchi hii: kwamba utajiri wake unatoka mikononi mwa watu. Mvuvi wa Mafia au wa Ukerewe aliyeuza samaki wake na kulipwa kwa noti ya 200 alilipwa kwa karatasi yenye kazi yake mwenyewe. Leo anayechimba Geita analipwa kwa noti yenye picha ya mgodi. Tofauti hiyo ni kubwa. Siku moja tulikuwa tunachora kazi, tukaja kuchora mali.

Tuwatazame wanyama kwa haki, maana wana utetezi wao. Tembo hana kabila wala chama. Hakuna atakayesema tembo wa elfu kumi ametoka kanda fulani au amependelewa na waziri fulani. Mwaka 1995, nchi ilipokuwa imeingia kwenye vyama vingi na Mzee Mwinyi alipokuwa anaondoka, twiga aliwekwa mbele ya noti kuanzia ile ya 500 hadi ya 10,000, na ulikuwa uamuzi wa busara. Benjamin Mkapa aliingia Ikulu mwaka huo akatoka 2005 bila sura yake kukaa kwenye noti zetu, na waliomfuata wamekwenda njia hiyohiyo. Mwalimu alirudi kwenye noti ya 1,000 baada ya kufariki Oktoba 14, 1999, akiwa marehemu anayekumbukwa, si mtawala anayetaka kuonekana. Hakuna kifungu cha katiba kilichotulazimisha kufanya hivyo. Ulikuwa ustaarabu wetu, na sitaki uguswe.

Lakini tembo kwenye fedha ya nchi hii ni mgeni mwenye historia yake, nayo ifahamike. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamebanwa vitani na meli zao zimezuiwa kufika pwani, walifungua mtambo wa kugonga sarafu katika karakana ya reli huko Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Sarafu yao ya rupia 15 ilikuwa na tembo ameinua mkonga, mlima ukiwa nyuma yake. Noti zao za mwaka 1905 nazo zilikuwa na simba, na zile kubwa zilikuwa na Kaiser Wilhelm wa Pili. Waingereza walipochukua nchi walileta mfalme wao, na simba akabaki kwenye shilingi. Mkoloni alipoichora Afrika Mashariki aliona vitu viwili vinavyostahili kuchorwa: wanyama wetu na mfalme wake. Wenyeji hawakuwemo.

Kuna mahali ambako mambo yalikwenda tofauti. Noti za serikali ya Zanzibar za mwaka 1908 zilikuwa na jahazi upande mmoja na wachuma karafuu upande wa pili. Sultani alikuwepo, Mwingereza alikuwepo na mamlaka yake, lakini waliochorwa ni watu wa mkarafuu. Na karne nyingi kabla yao, masultani wa Kilwa waligonga sarafu za shaba zisizo na sura yoyote, zenye majina yao tu na maneno ya kumtukuza Mungu, ya mbele yakipangwa yapate vina na ya nyuma. Sarafu hizo ndogo, nyepesi kama ukucha, zimeokotwa hadi visiwa vya kaskazini mwa Australia. Desturi ya fedha tuliyo nayo ni pana kuliko tembo na mfalme.

Na huyo tembo tulimfanyia nini? Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Hesabu ya 2014 ilikuta takriban 43,000. Katika miaka hiyohiyo mitano ndipo lilipotoka toleo jipya la noti, Januari 2011, tembo akiwa kwenye noti ya thamani ya juu kuliko zote. Kwa hiyo kuwekwa kwenye noti hakukumlinda, na sidhani tuliomtumia kila siku kulipia mahitaji yetu tuliwaza habari zake. Faru naye yupo kwenye elfu tano, na Watanzania walio wengi watakufa hawajamwona faru kwa macho yao. Mnyama huyu tunamwonyesha mgeni. Ni picha ya kipeperushi cha utalii, na mimi nataka fedha yangu izungumze na mimi kwanza.

Majirani zetu Wakenya wamelishughulikia suala hili kwa njia nzito zaidi, na nadhani walikuwa na sababu. Kwao sura kwenye noti ilikuwa kiti. Mzee Jomo Kenyatta alikaa kwenye noti za kwanza za mwaka 1966, Moi akafuata akakaa hadi mwisho wa utawala wake, na hata Kibaki, ambaye kwake noti zilirudishwa kwa Kenyatta, aliwekwa kwenye sarafu ya shilingi 40 mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ilipoandikwa Katiba ya 2010, wananchi waliweka katika Ibara ya 231 kwamba noti na sarafu zaweza kuwa na picha za kuiwakilisha Kenya, lakini zisiwe na sura ya mtu yeyote. Noti mpya zilizinduliwa Juni 1, 2019 huko Narok, siku ya Madaraka. Zina shughuli za nchi kwa mpangilio: nishati, kilimo, huduma za jamii, utalii, utawala. Na zote zina jumba la mikutano la KICC la Nairobi.

Mbele ya jumba hilo ipo sanamu ya Kenyatta, nayo ilionekana kwenye noti. Ikawa kesi. Walalamikaji, Okiya Omtatah akiwa mmoja wao, walidai kuwa sura ya mtu imerudi kwa mlango wa nyuma. Mahakama Kuu ililitupa ombi lao. Mimi si mwanasheria, na Wakenya wenyewe wana haki ya kuendelea kubishana. Nilichokiona pale ni kwamba kuzuia sura zote hakumalizi hoja. Unaweza kumfukuza mtawala kwenye noti, naye akasimama uani akiwa shaba. Na kwa kumfukuza yeye umewafungia nje wengine wote: mwandishi, daktari, mkimbiaji, mwanamke aliyepigania msitu. Kosa lilikuwa la watawala, adhabu imewaangukia raia wote wa Kenya.

Uganda nayo ina jibu lake. Baada ya Idi Amin na Obote, ambao wote waliwahi kukaa kwenye noti, toleo la 2010 lina ramani, nakshi za mkeka, mnara wa uhuru, na uso wa mwanamume Mkaramoja unaotazama pembeni. Uso upo, jina halipo. Ni uso mzuri, lakini hauwezi kumfundisha mtoto habari za mtu aliyeishi, akakosea, akasimama tena.

Sasa nizungumzie jambo linaloniuma zaidi. Tangu 1966, hakuna mwanamke wa Tanzania aliyetajwa kwa jina na kuchorwa sura yake kwenye noti zetu. Sarafu nazo ni hivyohivyo: Mwalimu kwenye 100, Mzee Karume kwenye 200 na 500, Mzee Mwinyi kwenye 50. Nyuma ya ile ya 50 yuko faru mama na mtoto wake. Jike la faru limepata nafasi ambayo Bibi Titi Mohamed hajaipata.

Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam. Mwaka 1955 TANU ilikuwa chama cha wanaume wenye ajira na elimu, na viongozi wake wakaulizwa na mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza: wanawake wenu wako wapi? Jibu lilikuwa Bibi Titi. Alipita kwenye vikundi vya ngoma, kwa wapika pombe, kwa wauza maandazi, mtaa kwa mtaa, akaingiza wanawake kwa maelfu katika chama ndani ya miezi michache. Wengi wao hawakuwa na mwajiri wa kumwogopa, na michango yao ilikuwa fedha yao wenyewe. Ukitaka kumwona mtu aliyeujenga uhuru kwa sarafu za masikini, ndiye huyu.

Kisha mambo yakaharibika. Alikamatwa mwaka 1969, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akasamehewa 1972. Alifariki Novemba 2000. Barabara moja kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake. Najua wako wanaosema kesi ile ndiyo inayomzuia kukaa kwenye fedha. Nawaomba watazame ng'ambo ya Ziwa Nyasa.

Rose Chibambo aliongoza wanawake wa Malawi katika kupigania uhuru, akaingia serikalini, akakosana na Kamuzu Banda katika mgogoro wa baraza la mawaziri wa 1964, akakimbilia Zambia. Alikaa uhamishoni miaka 30. Alirudi Banda alipoanguka. Mwaka 2012, angali hai, nchi yake ilimweka kwenye noti ya kwacha 200. Malawi haikusubiri historia yake iwe safi. Ilimchukua mama huyu pamoja na ugomvi wake wote, ikasema: huyu ni wetu. Taifa linaloweza kufanya hivyo limekomaa, na sisi hatujashindwa kukomaa kwa kiwango hicho. Mwalimu mwenyewe alishamtoa Bibi Titi gerezani zaidi ya miaka 50 iliyopita. Sisi tunaendelea kumshikilia kwa sababu gani?

Wa pili ninayempendekeza ni mwimbaji Siti binti Saad, na kwake hakuna kesi ya kuogopa. Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watu wa chini kabisa kwa jamii ya wakati ule. Mama yake alifinyanga vyungu, yeye akavibeba kuviuza mjini, na sauti aliyonadia vyungu ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akiwa mwimbaji wa kwanza wa kike wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na alirekodi kwa Kiswahili. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa ilishuka hadi mitaa ya Ng'ambo, Unguja mjini, ikasikilizwa na wachukuzi na wapagazi. Noti zetu zimeandikwa kwa Kiswahili. Huyu ni mmoja wa walioibeba lugha hiyo hadi ikafika mahali pa kuandikwa kwenye fedha ya nchi huru.

Wanijeria walishalitatua hili kwa namna ninayoitamani. Nyuma ya naira 20 yao, toka 2007, yupo Ladi Kwali, mfinyanzi, akiwa na chungu chake. Hakuwa waziri wala mke wa rais. Alikuwa mwanamke aliyejua udongo. Nikiitazama noti ile namkumbuka mama yake Siti, ambaye sisi hata jina lake hatulitaji.

Wa tatu ni mshairi Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909 na kufariki 1962, miezi michache tu baada ya uhuru. Aliandika wasifu wa Siti kabla wengi hawajaona kuwa mwimbaji anastahili kitabu. Kila aliyepita shule katika nchi hii amemsoma. Sura yake, yenye kofia na mashavu yaliyojaa, inajulikana kwa picha za majalada ya vitabu tu.

Ziko pingamizi, na sitazipuuza. Wako wenye imani ambao kwao picha ya binadamu ni jambo la kuogopwa. Nawaheshimu. Lakini sura za watu zimo kwenye fedha yetu tangu mwanzo, na anayeweza kumvumilia kiongozi mwanamume hatakuwa na hoja mpya dhidi ya mwanamke au mshairi. Wako wanaosema ukimweka mmoja wa Unguja utaulizwa wa Bukoba yuko wapi. Ni kweli utaulizwa. Na mjadala huo ndio ninaoutaka: watu wa Bukoba, wa Songea, wa Mbulu wakae chini watafute ni nani kati yao ametufaa sote. Kwa Wangoni hautakuwa mjadala mrefu, maana Songea wana makaburi ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906.

Kwa upande wa usalama wa fedha, sura ya mtu ina kazi ambayo mnyama haiwezi vizuri. Jicho la binadamu limezoea nyuso tangu utotoni. Mstari mmoja ukipotoka kwenye jicho au kwenye kona ya mdomo, mtu anahisi kuna kasoro hata kama hawezi kuieleza. Faru akipotoka kunyanzi moja ya shingo, nani atajua? Ndiyo maana wachonga bamba za noti kwa miaka mingi wamezikimbilia nyuso. Benki Kuu yetu inalijua hilo. Inua noti ya elfu kumi kwenye mwanga, mahali panapoonekana peupe, utamwona Mwalimu kwenye alama ya maji. Tembo yuko nje akionekana, mtu yuko ndani akilinda.

Na kuna wanaosema noti zenyewe zinakwisha, kila kitu kimehamia kwenye simu. Huenda. Lakini nenda stendi asubuhi, umtazame konda wa daladala na noti zake alizozikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, buku upande huu, elfu mbili upande ule, bila hata kutazama. Nenda sokoni, msikitini, kanisani, msibani. Ujumbe wa muamala una tarakimu na kumbukumbu namba. Hauna picha ya nchi. Noti ndiyo karatasi ya serikali inayowafikia mkulima asiyesoma gazeti na mtoto asiye na kitabu, na inawafikia kila siku.

Toleo tunalotumia lilianza Januari 2011. Siku ya toleo jingine itafika, na sahihi za Waziri wa Fedha na Gavana zitakaa chini yake. Kabla ya kutia sahihi hizo, waulizeni wananchi. Benki Kuu ya Uingereza ilipotafuta mwanasayansi wa kuweka kwenye noti ya pauni 50 ilipokea mapendekezo zaidi ya 220,000 kutoka kwa raia wake, na mwishowe akachaguliwa Alan Turing, mtu ambaye mahakama ya nchi yake mwenyewe iliwahi kumtia hatiani. Sisi tuna redio mikoani, tuna shule za kata. Wanafunzi wa sekondari waandike insha, kila mkoa upeleke jina na sababu, jopo la wanahistoria na wachoraji likae hadharani. Wanyama wabaki, wahamie nyuma. Mwalimu abaki alipo. Elfu mbili apewe Siti, maana ndiyo inayokwenda gengeni na kwenye nauli. Elfu tano apewe Bibi Titi. Elfu kumi apewe Shaaban Robert, na nyuma yake warudishwe wale wavuvi wawili wa noti ya 200, wakiwa na ngalawa yao.